Mshipi wa Kuvulia: Namna ya Kuuchagua na Kuuunga

(Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Wilaya ya Rungwe. Haya ni maneno yaliyosemwa redioni. Yamepigwa chapa ili wanafunzi wayasome tena darasani pamoja na mwalimu wao.)

Ndugu wasikilizaji, nanyi wanafunzi mliokusanyika Tukuyu, Kiwira, Katumba, Masoko na Mwakaleli, natumaini mmekwisha kaa, taa inawaka vizuri, na karatasi za somo ziko mbele yenu.

Juma lililopita tulijifunza kusoma maandishi yaliyo juu ya mfuko wa mbolea. Leo tutasoma maandishi mengine, mafupi zaidi, ambayo yamo juu ya kisanduku cha mshipi wa kuvulia samaki. Tutajifunza pia namna ya kuunga mshipi huo na uzi mwembamba wa mbele. Huenda mmoja wenu akasema, "Mimi ni mkulima wa chai na ndizi, mshipi wa nini?" Ngoja kwanza nikusimulie jambo lililonipata mimi mwenyewe.

Siku moja nilikwenda kuvua chini kule, mto Kiwira unapoingia nchi tambarare ya Kyela. Nilikuwa na ufito mzuri na mshipi mpya, na nilikuwa nimeunga uzi wa mbele kwa haraka, kwa fundo lile lile ninalofungia kamba ya viatu. Karibu yangu alikaa mzee mmoja mvuvi. Alinyosha mkono, akaomba mshipi wangu, akapitisha ukucha juu ya fundo. Akasema, "Mwalimu, fundo hili halikulala. Litakuaibisha." Nikacheka kidogo, nikamwambia, "Asante, mzee, litafaa tu." Nikatupa.

Haikupita saa moja, akashika mbasa mkubwa. Alikwenda na maji kwa nguvu, ufito ukapinda, na mara mkono wangu ukawa mwepesi. Fundo lilikuwa limechomoka. Samaki alikwenda na ndoana mdomoni, na nyuma yake akiburuta uzi wa karibu mita tatu. Mzee hakucheka. Alitazama maji akasema, "Uzi ule utanasa penye mawe. Hatakula, wala hatafika juu." Wakati huo sikujua hata kwamba mbasa yule alikuwa akipanda mto ili kutaga mayai.

Basi, ndugu zangu, somo la leo lilianza hapo. Mimi nilikuwa na stashahada ya chuo kikuu, na mzee yule hakujua kusoma. Lakini siku ile yeye alisoma kwa ukucha jambo ambalo mimi sikulisoma kwa macho.

SEHEMU YA KWANZA: UVUVI HUU NI WA NAMNA GANI?

Wengi wenu mnaujua uvuvi wa mshipi wa mkono. Mvuvi hufunga ndoana, hutia chambo, na karibu na ndoana hufunga chubwi, yaani kipande cha risasi au kijiwe. Anapotupa, uzito wa chubwi ndio unaovuta mshipi mpaka mbali.

Uvuvi wa kurusha ni kinyume chake. Hapa chambo si mnyoo wala dagaa. Ni manyoya machache yaliyofungwa juu ya ndoana ndogo, yakafanana na mdudu wa majini au kisamaki. Chambo hiki cha manyoya ni chepesi mno. Ukikitupa peke yake kitaanguka miguuni pako. Kwa hiyo uzito umewekwa katika mshipi wenyewe. Mshipi ni mnene, nao ndio unaorushwa nyuma na mbele kwa ufito, na chambo kinafuata tu.

Uvuvi huu si mgeni Afrika Mashariki. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta samaki aina ya trauti katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, nchini Kenya. Baadaye, wakati wa utawala wa Waingereza, trauti walipandwa pia katika mito ya baridi ya nyanda za juu za Tanganyika. Trauti hutaka maji safi yenye baridi. Huko Kenya kazi ya kufunga chambo cha manyoya kwa mikono imekuwa ajira ya watu wengi, na chambo hizo huuzwa Uingereza, Marekani na nchi nyingine. Na katika Ziwa Nyasa tunaye mbasa, samaki wetu wenyewe, apandaye mito wakati wa mvua. Ndugu zetu wa Malawi humwita mpasa, na wageni husafiri mpaka mto Bua, katika hifadhi ya Nkhotakota, kumvua kwa ufito.

Tazama basi nchi yetu. Mji wa Tukuyu uko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani mpaka ziwani katika mwendo mfupi. Juu maji ni ya baridi na vijito ni vyembamba. Chini mito ni mipana na maji ni ya vuguvugu. Kwa hiyo kijana anayetaka kuwa kiongozi wa wageni, au mtu aliyeachiwa ufito na mgeni, lazima ajue mshipi upi unafaa mahali gani.

SEHEMU YA PILI: KUSOMA KISANDUKU CHA MSHIPI

Sasa chukueni karatasi. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni alama hizi:

WF5F

Ni alama nne tu, lakini kila moja ina kazi yake. Tuzisome kidogo kidogo.

Herufi mbili za mwanzo zaeleza umbo. WF ni mshipi uliojaa upande wa mbele: unene na uzito wake uko karibu na ncha, na nyuma ni mwembamba. Mshipi huu huenda mbali kwa urahisi. Ukikuta DT, huo ni mshipi uliochongoka sawasawa ncha zote mbili, na katikati ni mnene. Faida ya DT ni kwamba ncha moja ikichakaa unaugeuza na kutumia ncha ya pili. Kwa mtu mwenye fedha kidogo hiyo ni faida kubwa. Ukikuta L, ni mshipi wenye unene mmoja toka mwanzo hata mwisho. Bei yake ni ndogo, lakini kuurusha vizuri ni kazi.

Nambari ya katikati yaeleza uzito. Nambari hizi ziliwekwa na watengenezaji wa vifaa vya uvuvi wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walipima mita 9 za mwanzo za mshipi. Nambari 5 ina uzito wa kama gramu 9. Nambari 8 ina kama gramu 13 na nusu. Nambari ikipanda, uzito unapanda.

Herufi ya mwisho yaeleza kama mshipi unaelea au unazama. F ni wa kuelea juu ya maji. S ni wa kuzama.

Kwa hiyo WF5F ni mshipi uliojaa mbele, wa uzito nambari 5, wa kuelea. Na je, DT4F ni nini? Zimeni redio kwa dakika moja, mjibu pamoja.

Sasa sheria ya kwanza ya kuchagua: NAMBARI YA MSHIPI ILINGANE NA NAMBARI YA UFITO. Tazama ufito wako juu kidogo ya mahali pa kushikia. Nambari imeandikwa pale. Ufito wa 5 hutaka mshipi wa 5. Mshipi ukiwa mwepesi mno, ufito haupindi na mshipi hauendi. Ukiwa mzito mno, ufito unalemewa.

Hapa pia niungame. Mshipi wangu wa kwanza niliununua dukani bila kusoma. Niliona rangi nzuri tu. Nilipofika mtoni nikatambua kuwa ni nambari 8 na una herufi S, na ufito wangu ni wa 5. Ulizama mpaka chini kwenye mawe na kunasa. Kusoma nilijua, lakini sikusoma. Na aliyejua asisome hana tofauti na asiyejua, ila fedha zake zimekwisha.

Sheria ya pili: ANGALIA MAJI YAKO.

Kwa vijito vyembamba vya juu, vyenye majani na matawi, nambari 4 au 5 yafaa, ya kuelea.

Kwa mito mipana ya chini na samaki wakubwa kama mbasa, anayeweza kuzidi kilo mbili, chukua nambari 6 au 7.

Kwa maji ya kina kirefu kama ya ziwa, mshipi wa kuzama unaweza kufaa. Lakini kama unaweza kununua mmoja tu, nunua wa kuelea. Utautumia mahali pengi zaidi.

Zamani mishipi hii ilikuwa ya hariri, na kila jioni ilibidi kuianika na kuipaka mafuta. Tangu miaka ya 1950 ilianza kutengenezwa kwa uzi uliofunikwa plastiki. Plastiki hiyo haiozi, lakini ina maadui zake. Usiukanyage mshipi. Usiuache juani. Usiushike ukiwa na petroli mikononi au dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, kwa maana vitu hivyo huharibu plastiki. Ukirudi nyumbani, uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, uukaushe kwa kitambaa.

SEHEMU YA TATU: UZI WA MBELE

Mshipi wa kurushia ni mnene, samaki ataukimbia. Tena ndoana ndogo haiwezi kufungwa juu yake. Kwa sababu hiyo, kati ya mshipi na chambo tunaweka uzi wa nailoni usioonekana sana majini. Mimi nauita uzi wa mbele. Urefu wake wa kawaida ni kama mita 2 na sentimita 70. Katika kijito chenye matawi mengi, mita 2 zatosha.

Uzi wa mbele lazima uwe mnene upande wa mshipi na uendelee kupungua mpaka ncha. Mfikirie mchungaji na mjeledi wake. Mjeledi ni mnene mkononi na mwembamba mwishoni. Ndiyo sababu nguvu ya mkono husafiri mpaka ncha. Ungekuwa mwembamba ghafula, nguvu ingekatika njiani. Uzi wa mbele ni vivyo hivyo. Ukiunga uzi mwembamba moja kwa moja na mshipi mnene, uzi utajikunja na kuanguka kama tambi.

Waweza kununua uzi wa mbele uliokwisha chongoka kiwandani. Au waweza kuutengeneza mwenyewe kwa kuunga vipande. Andikeni kipimo hiki:

Unene milimita 0.50: urefu sentimita 90
Unene milimita 0.45: urefu sentimita 40
Unene milimita 0.40: urefu sentimita 30
Unene milimita 0.35: urefu sentimita 20
Unene milimita 0.30: urefu sentimita 20
Unene milimita 0.25: urefu sentimita 20
Unene milimita 0.20: urefu sentimita 50

Jumlisheni urefu wote. Jibu ni sentimita 270. Tazameni pia kwamba kila hatua unene unapungua kwa milimita 0.05 tu. Msiruke hatua, maana fundo la nyuzi mbili zisizolingana hulegea.

Juu ya vibiringo vya uzi mwembamba utaona pia alama kama 4X au 5X. Hesabu yake ni hii: toa nambari hiyo katika 11, nawe utapata unene kwa sehemu za elfu za inchi. Kwa 4X, 11 toa 4 ni 7. Hizo ni sehemu 7 za elfu za inchi, yaani karibu milimita 0.18. Kwa hiyo X ikiwa kubwa, uzi ni mwembamba zaidi. Wengi hukosea hapa. Na ukitaka kujua uzi upi wafaa kwa ndoana yako, gawanya nambari ya ndoana kwa 3. Ndoana nambari 12 hutaka uzi wa 4X.

Herufi lb maana yake ni ratili, na zaeleza nguvu ya uzi. Ratili moja ni karibu nusu kilo, kidogo pungufu.

SEHEMU YA NNE: KUUNGA MSHIPI NA UZI WA MBELE

Tumefika mahali niliposhindwa mimi. Sikilizeni kwa makini, kisha fanyeni kwa mikono. Kwa mazoezi tumieni kamba ya katani badala ya mshipi, na uzi mnene wa nailoni.

Fundo hili zamani lilifungwa kwa kuegemeza msumari. Sisi tutatumia kitu kilicho karibu na kila mwanafunzi: kibomba cha wino cha kalamu iliyokwisha. Kikate kipande cha urefu wa kidole, kioshe, upulize kuhakikisha kina tundu pande zote mbili.

1. Shika mshipi kwa mkono wa kushoto, ncha yake itazame kulia. Laza kibomba sambamba nao.

2. Chukua upande mnene wa uzi wa mbele. Ulaze juu ya mshipi na kibomba ukitoka kulia kwenda kushoto. Acha mkia wa shubiri moja upande wa kushoto.

3. Bana vyote vitatu kwa vidole vya kushoto. Sasa shika mkia, uuzungushe kuvifunga vyote: mshipi, kibomba, na uzi wenyewe. Enda ukielekea kulia, kwenye ncha ya mshipi. Zungusha mara sita. Kila mzunguko ulale kando ya mwenzake, usimpande.

4. Ingiza mkia katika tundu la kibomba upande wa kulia, utokee kushoto.

5. Bana mizunguko isifumuke. Vuta kibomba pole pole kuelekea kushoto mpaka kitoke.

6. Lowesha fundo kwa mate. Vuta ncha mbili za uzi kwa zamu, kidogo kidogo. Mizunguko ikilala vizuri, kaza kwa nguvu mpaka iume plastiki ya mshipi.

7. Kata mkia na ncha ya mshipi iliyozidi.

Kwa nini mate? Kwa sababu nailoni kavu ikisuguana hupata joto, na joto huipunguzia nguvu. Uzi ulioungua haukuonyeshi jeraha lake mpaka samaki avute.

Mishipi mingi ya siku hizi huja na kitanzi tayari katika ncha yake. Kama wako ni hivyo, fanya kitanzi katika upande mnene wa uzi wa mbele: kunja uzi uwe mara mbili, funga fundo la kawaida kwa uzi huo uliokunjwa, lakini kipitishe kitanzi mara mbili, lowesha, kaza. Kisha kivishe kitanzi cha uzi juu ya kitanzi cha mshipi. Chukua ncha nyembamba ya uzi wa mbele, ipitishe ndani ya kitanzi cha mshipi, uvute uzi wote. Vitanzi vikikaa vizuri vitafanana na mikono ya watu wawili wanaosalimiana. Kimoja kikimnyonga mwenzake, fungua uanze tena, maana kitakata.

Kuunga vipande vya uzi wa mbele, viweke viwili sambamba, vipishane kwa shubiri moja. Vifanyie kitanzi kwa pamoja, pitisha kitanzini ncha fupi ya kimoja pamoja na kipande chote cha mwenzake, mara mbili au tatu. Lowesha, kisha vuta ncha zote nne pamoja.

Mwisho, jaribu. Zungushia uzi mkononi juu ya kitambaa, uvute. Kisha pitisha ukucha juu ya kila fundo kama alivyofanya yule mzee. Fundo lililolala halikwaruzi. Fundo likichomoka nyumbani hujapoteza kitu. Likichomoka mtoni umepoteza samaki, naye samaki amepoteza uhai wake bure. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

MANENO YA KUFUNGA

Ndugu zangu, kabla ya kwenda mtoni fikeni ofisi ya uvuvi ya wilaya. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inataka mvuvi awe na leseni, na maofisa watawaeleza mahali na wakati wa kuvua. Mbasa wanaopanda kutaga waacheni wapite. Nyavu zinazofunga midomo ya mito, pamoja na udongo unaomomonyoka mashambani, vimekwisha kuwapunguza. Na vipande vya nailoni msivitupe. Haviozi haraka, na ndege hunaswa miguu. Vikunjeni mfukoni mrudi navyo nyumbani.

Nilirudi kwa yule mzee baadaye. Yeye alinifundisha kulowesha fundo na kulipima kwa ukucha. Mimi nilimsomea kibiringo chake cha nailoni, tukaona kwamba kiliandikwa ratili 10, naye alikuwa ameambiwa 20 na kulipia 20. Alinyamaza, kisha akauliza darasa la watu wazima hufunguliwa siku gani. Leo anasoma mwenyewe, na bado fundo lake ni zuri kuliko langu.

Tukutane juma lijalo.

MASWALI YA DARASANI

1. Eleza maana ya kila alama katika DT6F na WF7S.
2. Ufito wako ni nambari 5. Muuzaji anakupa mshipi nambari 8 kwa bei ndogo. Utamjibu nini?
3. Ndoana ni nambari 15. Uzi wake uwe X ngapi? Unene wake ni sehemu ngapi za elfu za inchi?
4. Kwa nini hatuungi uzi mwembamba moja kwa moja na mshipi mnene?
5. Andika sentensi tano: ni fundo gani unalolijua wewe ambalo mwenzako darasani halijui, na alikufundisha nani?